Mbegu za Shuka ya Wageni

Wakili hakuwa wakili. Tuliweke wazi hilo mapema, maana wapo watu watatu mjini ambao mpaka leo wanangoja awatetee. Jina alilipata kwa sababu ya mdomo na koti. Mdomo ulikuwa wake wa kuzaliwa. Koti lilisahauliwa na mteja mmoja wa dobi, na dobi naye akasahau kulifungia. Ndani ya mkoba wake mweusi mlikuwa na muhuri aliouchonga mwenyewe kwa soli ya kandambili, kalamu mbili na kitana. Kwa vitu hivyo vichache alikuwa amekula na kuvaa kwa miaka kumi na mitano. Kulala tu ndiko kulikomshinda.

Alikuwa akilala sebuleni kwa dada yake mkubwa, juu ya kochi lililokuwa fupi kuliko yeye. Asubuhi moja dada alimwekea chai, kisha akavuta kiti akaketi mbele yake. Dada hakuwa mtu wa kuketi asubuhi.

"Mdogo wangu, mama mkwe wangu anakuja kukaa na sisi."

"Na akaribie, mama wa watu. Atalala wapi?"

"Kwenye kochi."

"Na mimi?"

"Ndiyo maana nimekaa," dada alisema. "Una miezi mitatu."

Chumbani shemeji, mtu wa mkono wa birika ambaye hata maneno aliyabana, alikohoa mara moja kuthibitisha. Wakili alimaliza chai yake kwa heshima, akakung'uta koti vumbi, akatoka kwenda kutafuta riziki. Miezi mitatu kwake ulikuwa muda mrefu. Alikuwa amewahi kupata na kupoteza kazi tano kwa siku moja, na zote alijiajiri mwenyewe.

Mchana ulimkuta kwenye hoteli moja kubwa, alikokuwa na desturi ya kuingia kwa mlango wa jikoni akijitambulisha kama mkaguzi. Ukaguzi wake ulihitaji sahani moja iliyojaa na kipande cha nyama. Siku hiyo alimkuta mwenye hoteli mwenyewe, ambaye wote walimwita Bosi, amesimama jikoni akitazama nusu ya nyanya kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mchumba.

Ilikuwa nyanya ya manjano yenye mistari myekundu kutoka kikonyoni hadi kitakoni. Nusu ya pili ilikuwa tayari mdomoni mwa Bosi.

"Narudia kuuliza," Bosi alimwambia mpishi. "Zimebaki ngapi?"

"Hazijabaki, Bosi. Yule mama aliniuzia tatu tu. Nilipomwomba mbegu, akacheka."

"Alicheka?"

"Vizuri tu. Na kiti alinipa."

Bosi alimeza. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na hoteli nyingine, na kila alichonunua jirani yule, Bosi alinunua kikubwa zaidi: mwavuli, feni, mpaka samaki wa kwenye kioo. Usingizi haukumpata vizuri tangu jirani alipoweka kinanda. "Nataka mbegu hizi niwe nazo mimi peke yangu mji mzima," alisema. "Nitang'oa maua yote ya mbele nipande nyanya. Wale wapite wanatazama, wafe kwa kijicho. Nani ataniletea?"

Wakili aliweka kijiko chini polepole, kama mtu ambaye amesikia jina lake likitajwa mahakamani.

"Bosi," alisema, "yule mama ni mteja wangu."

Wakati anasema hivyo hakujua kama yule mama ni mrefu au mfupi. Mpishi, mwanamke mpole asiyesema sana, alimtazama kuanzia viatu. "Anaitwa nani?"

"Siri ya mteja," Wakili alijibu kwa uchungu kidogo.

Bosi alitaka kutaja fedha. Wakili akainua kiganja kumzuia, maana kwa mara ya kwanza maishani hakuzihitaji fedha. Juu ya hoteli ile kulikuwa na chumba kilichofungwa, alichokiona siku alipokagua paa: kina dirisha la mashariki na bomba lake lenyewe. Akaomba chumba hicho, mwaka mzima, bila kodi. Bosi alimtazama, akatazama sahani, akakubali. Mkataba Wakili aliuandika mwenyewe palepale, na alipofika mwisho akaongeza kwa mbwembwe: "Madhali nyanya zitakazozaliwa ni hizo hizo zilizoliwa leo." Sentensi hiyo haikuombwa na mtu. Aliiweka kwa sababu ya neno madhali, ambalo alilipenda.

*

Yule mama watu walimwita Mama Vijiti. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya kiwanda cha kuchapa vitabu, na uwanja wake haukuwa na mahali pa kuweka mguu. Kulikuwa na nyanya kwenye makopo ya rangi, kwenye ndoo zilizopasuka, kwenye beseni la kuogeshea mtoto ambaye sasa alikuwa mhandisi. Aina ishirini na mbili, kila moja na kijiti chake chenye namba, na kila namba na ukurasa wake kwenye daftari. Na zilikuwa na majina, aliyoyatoa mwenyewe. Kubwa yenye mikunjo iliitwa Tumbo la Meneja. Ndogo kama tone iliitwa Machozi. Namba nne, chachu na isiyoiva hata ukingoje mwezi, iliitwa Shemeji, na Wakili aliposikia hilo alijikuta akimpenda mama yule kinyume na mipango yake. Namba kumi na tisa, ya mistari, iliitwa Shuka ya Wageni, kwa vile uzuri wake haukuwa wa kutumiwa kila siku.

Wakili alijitambulisha kama afisa wa Usajili wa Aina za Nyanya, akatoa barua yenye muhuri. Mama Vijiti, mfupi, miwani imefungwa kwa kamba shingoni, aliisoma yote, akaigeuza nyuma, kisha akaunusa muhuri.

"'Kwa heshima na taadhima kubwa sana mno,'" alisoma kwa sauti. "Mashallah. Miaka tisa nangoja ofisi iukumbuke uwanja huu."

"Imekukumbuka leo, mama. Unikabidhi tu mbegu za ile ya mistari, nizihifadhi, nami nikuache na kazi zako."

"Na kwenye usajili utaandika nini? Inazaa baada ya siku ngapi? Inaugua nini? Inataka maji kiasi gani?"

"Tutaandika kwa makisio."

"Ofisi ya umma inakisia?"

"Haikisii!" Wakili alisema, akiumia kwa ajili ya heshima ya ofisi aliyoianzisha asubuhi ile saa mbili na nusu.

"Nilijua," mama alisema. "Basi utaifuata tangu mche hadi tunda, uone kwa macho yako. Kesho naatika miche. Njoo saa kumi na mbili. Na hilo koti, mwanangu, liache kwenu."

Kukataa kungekuwa kukiri. Wakili alitoka pale akijiambia kwamba amefaulu, ila hakukumbuka ni lini mtu aliyefaulu alitakiwa kuamka saa kumi na mbili.

Hivyo ndivyo ilivyoanza miezi ambayo Wakili hakupenda kuisimulia baadaye. Alibeba maji, ndoo mbili mbili, akimwagilia shinani na si majani, maana jani likilowa linaugua. Alitandaza nyasi kavu. Alisimamisha miti na kufunga mashina, akanyofoa machipukizi yaliyoota makwapani mwa matawi, mpaka vidole vikawa na weusi wa kijani usiotoka hata kwa jiwe. Viwavi aliwatoa kwa mkono, mmoja mmoja, akiwaomba radhi. Kila alipotaka kupumzika, mama alifungua daftari na kumuuliza kwa adabu kama afisa angependa liandikwe kwamba amechoka. Afisa hakupenda.

Maua yalipotoka, kazi ikawa ya ajabu zaidi. Mama Vijiti aliinama kwenye namba saba, nyanya nyekundu ya kawaida kabisa. Kwa kibano cha kunyolea nyusi alifungua ua changa, akanyofoa vya ndani, akalipaka kwa brashi ndogo unga aliotoa kwenye ua la namba kumi na mbili. Kazi ya Wakili ilikuwa kufunga uzi mwekundu kwenye kikonyo cha kila ua lililopakwa.

"Fundo jepesi. Usilinyonge."

"Sawa, mama."

Alifunga nyuzi kwa asubuhi tisa. Aliona ni mambo ya wazee, kama vile kuvisha redio kitambaa. Akili yake yote ilikuwa kwenye namba kumi na tisa, aliyoitazama kila alipopita kama mtu anayetazama nyumba yake ikijengwa.

Nyanya zilipoanza kuiva, walizionja. Wakili alifumba macho, mama akamwekea kipande ulimini, akangoja na kalamu.

"Utamu wa asali ya mwitu, ikichanganyika na ujana," Wakili alitangaza mara ya kwanza.

"Usinipambie. Sema ulimi umesikia nini."

Alirudia na uongo mwingine. Mama alimpa kipande kilekile kwa kificho baada ya vingine vitatu, na uongo wa pili haukufanana na wa kwanza. Akamsomea kauli zote mbili bila kucheka. Wakili aliona haya. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyekuwa ameyaandika maneno yake akamrudishia. Siku ya nne alisema, "Tamu mbele, halafu chumvi kidogo, ngozi ngumu," na mama akasema, "Hiyo ni Machozi, na umesema kweli." Akatembea kwenda kwa dada yake siku hiyo na kifua mbele, bila kujua anajivunia nini.

Lakini kochi lilibaki na siku sita. Mama mkwe wa dada alikuwa ameshatuma mito yake itangulie.

Shuka ya Wageni ziliiva nne kwa mpigo. Mama Vijiti aliweka mezani bakuli mbili. Katika moja zilikuwamo hizo nne zenye mistari. Katika nyingine, nyanya nyekundu za namba saba, za kawaida, vikonyo vikiwa na nyuzi zake.

"Msimu umekwisha, afisa," alisema. "Umefanya kazi, lazima uondoke na kitu. Chukua bakuli moja. Utakayo."

Wakili alikuwa amejiandaa kuiba. Alikuwa amepanga mpaka njia ya kupitia uani. Kupewa kulimvuruga, akahisi kitu kama huruma kwa mwanamke yule mwema asiyejua thamani ya mali yake.

"Nitachukua za mistari, mama. Kwa ajili ya usajili."

"Na hizi? Hebu zitazame vizuri."

"Hizo wape kuku."

Mama Vijiti alimtazama juu ya miwani. "Haya," alisema, akaivuta bakuli ya namba saba upande wake.

*

Mbegu ya nyanya haikaushwi hivihivi. Hukamuliwa na maji yake, ikaachwa siku tatu ichache, mpaka ule utelezi uachie, ndipo ikaoshwa. Hayo Wakili alikuwa ameyajua vizuri, na aliyatekeleza kwenye kopo la sukari la dada yake. Siku ya tatu shemeji, kwa mara ya kwanza tangu harusi, alisema sentensi nzima: "Hiki kinachonuka ni nini, na kinaondoka lini?"

Kiliondoka siku hiyohiyo, pamoja na Wakili. Bosi aling'oa maua ya mbele ya hoteli, akatia samadi, na mbegu zilipoota akapanda miche thelathini. Wakili alikuwa ameshapewa ufunguo.

Ningependa kusema dhamiri ilimsumbua. Haikumsumbua hata kidogo. Alilala amenyoosha miguu yote miwili kwa wakati mmoja, jambo ambalo wewe msomaji huenda unalifanya kila siku bila shukrani. Jua la asubuhi lilimjia kitandani. Bomba alilifungua na kulifunga kwa raha tu, asikie maji. Alimwalika dada yake aje aone. Dada akakaa kitandani, akaligusa dirisha, akasema, "Mdogo wangu, hapa usiharibu," na machozi yakamlenga. Wakili naye akageuka kutazama nje, maana jambo hilo lilimgusa zaidi ya alivyotarajia.

Na miche aliitunza mwenyewe. Alimwambia Bosi ni sehemu ya huduma. Ukweli ni kwamba hakuvumilia kuona mhudumu wa mezani anamwagilia majani.

Kisha nyanya zikaanza kuiva.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, mviringo. Wakili alisema rangi itabadilika. Ya pili ilikuwa ya manjano bila mstari hata mmoja. Ya tatu ilikuwa ndogo kama kokwa. Mche mmoja ulizaa ya waridi, mwingine ndefu kama kidole, mwingine ulizaa zilizopasuka kabla hata ya kuiva. Miche thelathini ilizaa kama ukoo ulioitwa kugawana urithi, hakuna anayefanana na mwenzake. Mmoja tu, kwenye kona, ulikuwa na mistari, nayo imepinda na kufifia. Ng'ambo ya barabara, jirani wa kinanda alitoa kiti nje akakaa kutazama.

Wakili alishuka siku hiyo na koti lake, ulimi umepakwa mafuta. "Bosi! Hoteli gani hapa duniani ina aina thelathini kwenye uwanja wa mbele? Mgeni anachagua nyanya yake kama..."

Bosi hakumwacha amalize. Alikuwa ameshika mkataba, kidole kimekaa kwenye mstari wa mwisho.

"Madhali," Bosi alisema.

Wakili alipanda ngazi kwenda kufungasha. Alifunga mkoba, akafungua bomba mara ya mwisho, akalifunga. Alipofungua mlango atoke, akakutana na mpishi anapanda na sinia lililojaa udongo na miche kichwani. Nyuma yake alikuwa Mama Vijiti, amebeba daftari.

"Weka dirishani, mwanangu," mama alimwambia mpishi. "Jua la asubuhi liikute miche."

Wakili alibaki mlangoni. "Mama, unafanya nini chumbani kwangu?"

"Kwako?" Mama Vijiti alisema, akiketi kitandani bila haraka. "Bosi alikuja jana mwenyewe, jasho linamtoka. Nikamweleza. Shuka ya Wageni ni chotara. Mama yake ni namba saba, baba yake namba kumi na mbili, nami huwaoanisha kila msimu kwa mkono. Ukipanda mbegu iliyo ndani yake, kila mche unamfuata babu yake. Mbegu ya kweli iko ndani ya namba saba, zile zenye uzi."

Wakili alikaa chini, sakafuni, na koti na vyote. "Zile nilizosema wape kuku."

"Sikuwapa."

"Ulijua! Ulinijua tangu lini?"

"Tangu 'sana mno.' Nimepiga chapa barua za ofisi miaka thelathini na moja, mwanangu. Hakuna ofisi inayomheshimu mtu kiasi kile." Alivua miwani, akaifuta. "Mgongo wangu ulikuwa umenikatalia ndoo mwaka huu. Nikawa nawaza nitampata wapi mtu wa kubeba maji msimu mzima bila malipo. Ukabisha hodi."

"Umeniingiza mjini, mama. Mimi!"

"Nilikudanganya neno gani? Ulifunga zile nyuzi asubuhi tisa, afisa mzima wa nyanya, usiulize hata siku moja ni za nini. Nilingoja. Kila siku nilisema moyoni, leo atauliza. Mpaka bakuli nikakuwekea mbele ya macho."

Kilichomuuma Wakili hakikuwa hata chumba. Kilimuuma kile alichosema mama, kwamba alingoja.

"Bosi atazipata mbegu kila msimu, kutoka kwangu," Mama Vijiti aliendelea. "Nami nimechukua chumba, kwa miche yangu. Dirisha zuri. Na bomba, nisibebe maji."

"Kwa hiyo mahali pangu analala mche."

"Miche mia mbili." Akafungua daftari, akatoa karatasi iliyopigwa chapa vizuri, pembezoni sawa. "Tatizo lake ni kwamba inaegemea kwenye mwanga. Isipogeuzwa asubuhi na mchana, inapinda yote. Na mimi ngazi hizi siziwezi mara mbili kwa siku. Inataka mtu wa kukaa nayo humu. Kitanda kitatoka, nafasi haitoshi. Godoro litalazwa pale, karibu na mlango. Chakula, mpishi amesema sahani moja haimshindi. Kazi unaijua."

Mpishi aliitikia kwa kichwa, bila kumtazama kuanzia viatu.

"Na nikikataa?"

"Mlango si uko wazi?"

Wakili aliichukua karatasi. Kwa dada yake, saa hiyo, mama mkwe alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, na kwake lilimtosha. Aliisoma mara ya kwanza akitafuta hila. Aliisoma mara ya pili akitazama pale ambapo yeye mwenyewe angeiweka hila. Mara ya tatu akaisoma tu, kama mtu anayesoma barua yake.

"Mama, umeificha wapi?"

"Nini?"

Hila haikuwamo. Tangu azaliwe hakuwahi kuogopa karatasi kiasi kile. Akauacha mkoba wake umefungwa, akaomba kalamu.